Ukindu, uzi, nta au cherehani: kazi ipi ya mikono inaiweza Desemba ya Mtwara?

Desemba iliyopita nilijihesabu. Kati ya alasiri na magharibi ya siku moja nilinyanyuka mkekani mara 11. Mara ya kwanza chungu cha mbaazi kilikuwa kinafurika. Ya pili jirani kaja kuazima ungo. Ya tatu wifi yangu kapiga simu, basi limesimama Somanga, anauliza tumpikie au ale samaki hukohuko. Ya nne sitaieleza kwa kirefu, ila inahusu mtoto, mwembe na kaptura iliyochanika. Zilizobaki nimezisahau, na ndivyo likizo ilivyo kwenye nyumba ya watu tisa: hukumbuki ulikuwa unafanya nini kabla hujaitwa.

Baba watoto humo hayumo. Anafanya kazi ya kupakia mzigo bandarini, na korosho zikianza kuteremka kutoka Newala, Tandahimba na Masasi, tunamwona kama mwezi mwandamo, kwa kutafutana. Shule zimefungwa. Wageni wa Dar wanaingia. Maembe yasipookotwa asubuhi, jioni ni nzi. Mvua za kwanza zinadondoka na mwenye shamba anataka kupanda. Usiku ngoma za unyago huko mitaani, hulali. Na katikati ya yote hayo, kila mwaka, mimi na akina mama wenzangu tunaambiana: likizo hii lazima tufanye kazi ya mikono na watoto, wasishinde kwenye simu.

Nimeshajaribu nne, kila moja mwaka wake: kusuka ukili wa ukindu, kufuma vitambaa, kutengeneza batiki, na kushona kwa cherehani. Naziweka hapa bega kwa bega, uchague moja. Mbili kwa Desemba moja usijaribu. Kabati langu lina ushahidi.

Swali la kuuliza kabla ya bei

Wengi huanza na bei, wengine na uzuri wa kitu kikishakamilika. Mimi siku hizi naanza na swali moja: hii kazi inaachika?

Watu wa pwani tunajua talaka zina aina zake. Kuna talaka rejea: mtu kamwacha mkewe, hasira zimepoa eda haijaisha, wanarudiana na nyumba inaendelea pale ilipoishia. Na kuna talaka tatu, ambayo hiyo hakuna kurudi nyuma kirahisi. Kazi za mikono nazo hivyohivyo. Kuna ambayo ukiiacha uende sokoni, umpeleke mtoto zahanati, upike futari ya wageni wa ghafla, ukirudi unaikuta palepale inakungoja, haina kinyongo. Na kuna ambayo ukiipa kisogo dakika nne imekwenda, na pengine sufuria nalo limekwenda.

Nyumba yenye mtoto mmoja na dada wa kazi inaweza kuchukua yoyote kati ya hizi. Kama yako ni kama yangu, endelea kusoma.

Ukindu

Huu niliuchelewa. Nilikuwa nauona ni kazi ya bibi, na kwa kweli bila bibi ni mgumu, nitakuja kulisema hilo.

Ukindu ni majani machanga ya mkindu, yanayokatwa kabla hayajafunguka. Yanachanwa vipande vyembamba, yanachemshwa, yanaanikwa juani mpaka yanakuwa meupe. Ya rangi yanachemshwa tena na rangi ya unga. Usiuchanganye na miyaa, inayotokana na mkoche. Miyaa ni migumu na mikavu zaidi, inafaa majamvi na vikapu vya sokoni, lakini kidole cha mtoto anayejifunza kitachubuka siku ya kwanza na siku ya pili hatarudi. Kwa kazi ya familia nunua ukindu.

Na ununue ulioanikwa tayari, wenye rangi tayari. Kuchemsha na kuanika mwenyewe ni kazi nzuri ya Julai na Agosti. Desemba umeutandaza uani, jua kali, unaingia ndani kuosha vyombo, saa nane wingu limefunga na ukindu wote umerowa. Ukiwekwa ndani hivyo, kesho kutwa una madoa meusi ya kuvu ambayo hakuna sabuni inayoyatoa. Mimi nilitupa nusu ya bunda namna hiyo. Nusu nyingine walilalia kuku.

Kinachosukwa si mkeka moja kwa moja bali ukili, ule mkanda mrefu mwembamba, ambao baadaye unashonwa ukingo kwa ukingo mpaka uwe mkeka. Hapo ndipo penye siri ya kazi hii kwa nyumba yenye pilikapilika. Ukili unaachika kuliko unavyodhani. Unaitwa, unafunga ncha kwa kipande cha ukindu, unauviringisha, unauweka chini ya mto, unaondoka. Ukindu ukikauka na kuanza kuvunjika, nyunyizia maji kidogo, ufunike na kanga yenye unyevu, baada ya muda mfupi unalainika tena. Mama mkwe wangu, mzaliwa wa Mikindani, alinikuta siku moja nalalamika kwamba siku tatu sijagusa ukili wangu. Akaniambia, “Mwanangu, ukili hauulizi ulikuwa wapi.”

Sasa hesabu, kwa sababu wengi huanza mkeka bila kujua wameanza nini. Chukua mkeka wa mita 2 kwa mita 1 na robo. Ukili wa upana wa sentimita 7 utahitajika kama mita 36, yaani pima 20 hivi. Ongeza pima mbili za kukata pembeni. Mkono wangu ni wa kawaida, si wa fundi, na nilipojipima kwa saa ya ukutani nilisuka sentimita 40 kwa saa moja. Kwa mita 36 hizo ni saa 90. Mama wa watoto wanne hana saa 90 Desemba, hata akiamka usiku wa manane. Lakini tukikaa wanne, kila mmoja saa moja baada ya kula, tunapata mita 1.6 kwa jioni, na pamoja na zile pima mbili za ziada mzigo wote unaisha kwa jioni 25. Likizo inatosha, ukianza wiki ya kwanza. Ukianza baada ya Krismasi, fanya mkoba au kawa la kufunikia chakula, mkeka uache.

Watoto je? Binti anayejua kusuka nywele atajifunza ukili kwa jioni moja au mbili, vidole vyake vimeshaelewa. Wangu wa miaka 9 alianza kwa msuko wa tatu, kama kamba, kisha akaongezewa vipande kidogokidogo. Wa miaka 5 alikuwa mpanga rangi: vyeupe huku, vyekundu huku, na alikuwa mkali kama mzee wa sokoni. Wavulana walisema hii kazi ya kike. Babu yao akawajibu kwamba yeye utotoni alisuka makuti ya nyumba nzima, na kuti halikumuuliza jinsia. Wakakaa.

Tatizo moja kubwa la kusuka wengi ni kwamba mikono haifanani. Mmoja anakaza, mwingine analegeza, na mwisho wa wiki mbili una kili nne zenye upana wa aina nne. Ukizishona pamoja mkeka unapinda kama samaki aliyekaangwa bila kuchanjwa. Dawa yake ni kijiti. Kata kijiti cha sentimita 7, kila msukaji awe na chake, na kila baada ya shubiri moja apime. Sisi tulikigundua kijiti tumeshachelewa. Ukili wa kaka mtu, uliofika sentimita 9, ukawa mkoba wa kuendea gengeni. Upo mpaka leo, imara kuliko mkeka wenyewe.

Tatizo la pili ni kuanza. Kuanzisha ukili, kuingiza kipande kipya bila kuonekana, na kuugeuza pembeni wakati wa kushona havifundishiki kwa maneno. Lazima awepo mtu mzima anayejua. Kama mama au mama mkwe hakai nawe, tafuta jirani mtu mzima. Mtwara na Lindi mitaa ya zamani hawakosekani, na wengi hufurahi kuulizwa. Lakini usinunue bunda kabla hujampata.

La tatu ni kushona. Hapo unahitaji shazia, ile sindano kubwa, na nafasi. Mkeka nusu umetandazwa sebuleni siku mbili tatu, hakuna pa kupita, mgeni akija anasimama mlangoni. Hii hatua ndiyo pekee ya ukindu isiyoachika vizuri. Ipange siku ambazo hamtegemei mtu.

Na kama una mawazo ya kuuza, yaache. Gawa bei ya mkeka sokoni kwa saa 90 uone kila saa inakupa nini. Mkeka wa familia unasukwa ukaliwe.

Uzi wa kufumia

Kufuma kwa sindano ya kroshia kunaachika kuliko hata ukili. Unakuza kitanzi cha mwisho kidogo kisichomoke, unaingiza sindano na uzi kwenye mfuko wa plastiki, unaondoka. Unaweza kufuma kwenye daladala ya Mikindani, kwenye benchi la hospitali, kwenye foleni ya benki wakati wenzako wanasubiri hela za korosho ziingie. Mwaka niliofuma nilimaliza vitambaa 12 vya mikono ya makochi kati ya mwanzo wa Desemba na kufungua shule, na sikumbuki hata siku moja niliyokaa chini rasmi kufuma.

Mbona basi sikuuweka uzi wa kwanza? Kwa sababu ni kazi ya mtu mmoja. Watoto walinikalia pembeni siku mbili, wakaona sindano ni moja na mama ndiye anayo, wakaenda zao. Unaweza kununua sindano za ziada, nilinunua, lakini kujifunza kufuma kunataka mwalimu atulie na mwanafunzi atulie, na likizo hakuna anayetulia. Binti mmoja alijua, wengine walipata mnyororo mrefu wa kufungia mbuzi.

Kama wewe lakini shida yako si kuwaweka watoto pamoja, shida ni kupata kitu kimoja chako mwenyewe katika mwezi ambao kila kitu ni cha wengine, basi ruka ukindu uje hapa.

Mambo niliyojifunza kwa gharama: fuma vitu vidogo vidogo vinavyoisha kwa jioni tatu, si kitambaa kimoja cha meza kubwa. Cha meza kubwa nilikianza mwaka mmoja na mpaka leo ni cha meza ndogo. Nunua uzi wote siku moja, dukani pamoja. Ukienda kuongeza baada ya wiki mbili unaambiwa rangi ipo, unafika nyumbani unakuta nyeupe mbili zisizosalimiana. Mwanzo wa mzunguko funga kiuzi chekundu, ili ukiitwa katikati ya kuhesabu urudie mzunguko huo tu na si mitatu. Na uzi mweupe pe unapendeza dukani. Kama mna ndugu wa Newala au Tandahimba wanaoingia na vumbi lile jekundu kwenye suruali, chagua rangi ya maziwa.

Vitambaa vikikamilika hutiwa wanga visimame. Wanga wa muhogo unatosha: koroga kidogo kwenye maji baridi, mimina kwenye maji yanayochemka huku unakoroga mpaka uwe uji mwepesi wa kupitisha mwanga, poza, chovya, kamua, nyosha kwenye taulo. Usizidishe. Mende wanapenda wanga, na Desemba hii ya joto na unyevu wao ndio msimu wao.

Usalama: weka mbali na paka na mtoto wa miaka miwili. Wote wawili huvuta uzi kwa furaha ileile, na saa tatu zako zinafumuka kwa sekunde.

Nta

Batiki ndiyo nzuri kuliko zote. Naisema mapema nisije nikaonekana nina chuki nayo. Hakuna raha kama kutoa kitambaa kwenye maji ya moto, nta ikatoka, na michoro ikajitokeza ambayo hukuwa na uhakika nayo. Watoto walipiga makelele kama wameona goli.

Lakini ni talaka tatu.

Angalia mwenendo wake. Unayeyusha nta. Unachora au kugonga muhuri kwenye kitambaa cha pamba halisi, maana chenye nailoni hakishiki rangi. Unaandaa rangi, ambayo kwa aina inayotumiwa na wengi huchanganywa na kemikali mbili, kostiki soda na haidrosalfaiti. Unachovya kwa muda maalumu, unageuzageuza. Unatoa, unaacha hewa iifungue rangi. Unarudia kwa rangi ya pili. Unachemsha kutoa nta. Unaanika. Kila hatua ina saa yake na hakuna inayokubali hodi. Nta ikipoa kabla hujagonga inakaa juu ya kitambaa, haiingii, rangi inapita chini yake. Ikipata moto kupita kiasi inatoa moshi, kisha inawaka. Ikiwaka usimwagie maji, unasambaza moto. Funika na mfuniko na uzime jiko. Kostiki soda inaunguza ngozi na macho, na mpangilio wake ni mmoja: soda ndani ya maji kidogokidogo, kamwe si maji juu ya soda. Vyombo vya batiki havirudi jikoni kwa kupikia.

Mwaka wangu wa batiki nilijiandaa vizuri sana. Doti nne za shuka za pamba, mihuri ya viazi vitamu waliyochonga watoto, beseni mbili. Nimeshatumbukiza kitambaa cha kwanza, wageni wakashuka langoni, watu sita, siku mbili kabla ya walivyosema. Shikamoo, marahaba, pokea mabegi, tafuta soda, hamjambo wote? Nilirudi uani baada ya nusu saa. Kitambaa kilikuwa kimekunjamana kwenye beseni, pale kilipojikunja rangi imeingia kama wino, kwingine hakuna kitu. Shemeji akaniambia kwa upole kwamba kinafanana na ramani. Nikakikata, kikawa vitambaa vya kupangusia vyombo, na kila nikipangusa namkumbuka.

Kwa hiyo batiki ndiyo, Desemba hapana. Ihamishie likizo ya Juni. Mvua zimeondoka, upepo wa kusi unakausha kitambaa mpaka jioni, wageni ni wachache, na unaweza kuwapeleka wadogo kwa bibi siku hiyo. Watoto chini ya miaka 12 wabaki kwenye kuchonga mihuri na kuchagua rangi. Nta na soda ni za wakubwa, na wakubwa wenyewe wavae glavu.

Cherehani

Kwa kupunguza matumizi, cherehani inashinda zote tatu na wala haina mpinzani. Januari inakuja na sketi za bluu, kaptura, foronya zilizochoka, mapazia ambayo wageni wameyaona. Fundi wa mtaani Desemba ni mtu wa “njoo kesho”: ana nguo za Krismasi, ana sare za harusi, ana sare za shule, na wewe uko nyuma ya wote.

Kushona kwenyewe kunaachika kiasi: unainua mguu, mshono unakaa. Kukata ndiko hakuachiki. Kitambaa kimetandazwa sakafuni, chaki imeshachorwa, mtoto akikimbia juu yake tu umeanza upya. Kata usiku wote wamelala, shona mchana. Ya kukanyaga kwa miguu ni bora kuliko ya umeme, haijali umeme umekatika.

Kuhusu sare, ushauri wangu ni huu: kaptura na sketi shona mwenyewe, shati nunua. Kola ya shati itakula siku nzima na bado mtoto ataonekana amevaa bahasha. Sketi ya marinda inataka kipimo sahihi cha kiuno na uvumilivu wa kupiga pasi, basi.

Ila tusidanganyane kwamba hii ni kazi ya likizo ya familia. Mashine ni moja, na watoto wakipewa nafasi wanachotaka ni kuzungusha gurudumu. Wanaweza kubana vifungo, kutoa nyuzi, kukunja pindo la foronya kwa mkono. Zaidi ya hapo ni mama anafanya kazi na watoto wanamtazama, jambo ambalo wamelizoea mwaka mzima. Kama una mtoto anayeanza darasa la kwanza au kidato cha kwanza na mfuko umebana, huna la kuchagua, toa cherehani. Kama hali inaruhusu, mpe fundi kitambaa mwezi wa kumi na moja na likizo yako uitumie kwenye kitu kingine.

Nilizoziacha

Kuna watakaoniuliza mbona Mtwara yote hii simtaji mchonga vinyago. Mpingo si wa kujifunzia kwa wiki nne; ni mti mgumu kweli, tezo na patasi ni kali, na mwenye ufundi huo ameukalia miaka. Mpeleke mtoto akaangalie fundi anavyofanya, asubuhi moja inatosha kumfunga mdomo. Vyungu vya udongo, ambavyo kwa Wamakonde ni kazi ya wanawake, vinataka kukauka taratibu kabla ya kuchomwa, na Desemba hakuna kinachokauka. Ushanga ni mzuri ila sina mengi ya kusema: ni rahisi, watoto wanaupenda, unamwagika, unaufagia mpaka Pasaka.

Na wapo wanaohesabu kubangua korosho kuwa kazi ya mikono ya likizo. Ni kazi, na tamu mwisho wake, lakini mafuta ya ganda yanababua ngozi. Paka majivu mikononi, watoto wapewe kuchambua zilizokwishatoka ganda, na uchome uani mbali na nguo zilizoanikwa.

Basi uchague vipi

Ukweli ni kwamba kwa Desemba mashindano yako kati ya ukindu na uzi tu. Batiki imejitoa yenyewe, cherehani inaamuliwa na mfuko wala si moyo.

Chagua ukindu kama nyumbani kuna watu wanne au zaidi wenye umri wa kuanzia miaka 8, kuna mtu mzima anayejua kuanzisha, na mna pa kukaa pamoja jioni, baraza au sebule. Wageni wakija usiwaogope: wakikaa tu wanajikuta wanasuka. Shemeji yuleyule wa ramani alisuka shubiri tatu kabla hajamaliza chai, na zilikuwa nzuri kuliko zangu, nikanyamaza.

Chagua uzi kama watoto wako bado wadogo sana, au wote wamepelekwa shamba kwa bibi Newala na wewe umebaki na kazi yako ya mshahara, au unalala nyumba ya watu na huna nafasi ya kutandaza chochote. Chagua uzi pia kama mwaka huu umefiwa au unauguza. Ukili unataka mazungumzo, unanuna mkinyamaza. Uzi unakuacha na mawazo yako.

Kwa walioko Lindi mjini hadi Mchinga na Kilwa, tofauti ni ndogo. Wenzangu wa huko wananiambia shida yao ni sisi: watu wa Mtwara tukitoka Dar tunalala kwao njiani bila taarifa. Kwa nyumba iliyo kando ya barabara kuu, ningesema uzi, na mlango uwe na komeo.

Kwa upande wa matumizi, ukindu unaulipia mara moja tu mwanzoni, bunda na rangi, kisha hakuna kingine. Uzi unakula kidogokidogo bila wewe kuhisi, bunda moja leo, moja keshokutwa, na mwisho wa mwezi umepita gharama ya mkeka. Niliandika kwenye daftari mwaka ule, ndiyo maana najua.

Mwaka huu tunarudi kwenye ukindu. Mama mkwe macho yamepungua, kwa hiyo atakuwa anapapasa na kusema “hapa umelegeza” bila kuangalia, jambo ambalo linawatisha watoto kuliko akiangalia. Bunda liko juu ya kabati, rangi tatu, limefungwa kwenye kanga kuukuu lisipigwe na unyevu. Vijiti nimeshakata saba, sentimita 7 kila kimoja. Wifi akishuka stendi nampa chake kabla hajauliza tumepika nini.